Siku Moja Kigoma kwa Pesa ya Wastani: Ukodi Bajaji, Upande Daladala au Utafute Boti?

Wengi wanaokuja Kigoma kwa siku moja si watalii wa mbali. Huyu ametoka Kasulu kwa shughuli, yule amemsindikiza ndugu stesheni, mwingine semina imeisha Ijumaa na basi lake ni Jumapili. Ana siku nzima mkononi na anauliza aende wapi. Mimi humuuliza kwanza atakwenda na nini. Hapa kwetu chakula hakimfilisi mtu. Pesa inaishia kwenye usafiri, na usafiri ukiununua vibaya unakula na muda. Kwa hiyo nimeupanga huo, kuanzia unaomfaa zaidi mtu asiyetaka kukimbizana.

Kabla ya hapo, jambo la saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, lakini tunafuata saa zile zile za Dar es Salaam. Asubuhi kunakucha kwa kuchelewa, na jua huzama karibu na saa moja ya usiku. Aliyezoea pwani asihangaike kuamka gizani. Kunywa chai yako vizuri, toka saa mbili, na jioni utabaki na mwanga wa kutosha.

Ya kwanza: bajaji ya kukodi, kuanzia asubuhi mpaka alasiri

Mkiwa wawili au watatu, hii haina mpinzani. Inaingia mitaa ambayo daladala haifiki, inakusubiri mnapokula, na gharama mnagawana. Siri iko kwenye kupatana. Ukimwambia dereva "nizungushe mjini" umempa ruhusa ya kupanga bei jioni. Mtajie vituo vyote: "Kaka, Ujiji makumbusho, halafu ziwani, halafu Kibirizi, unirudishe stendi saa tisa. Pamoja na kusubiri, unanifanyia ngapi?" Kusubiri kusipotajwa mapema, mwisho wa safari kunaletwa kama deni jipya. Mpe sehemu ya pesa ya mafuta asubuhi, inayobaki umkabidhi mkiagana. Na kabla hujatoka, muulize mhudumu wa gesti au mama wa chai bei ya kawaida ni ipi. Watakwambia bila hiyana.

Anzeni Ujiji kabla jua halijawa kali. Makumbusho ya Dkt. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, yapo mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mwaka 1871. Mwembe wa wakati ule ulishakufa, miembe iliyopo ilipandikizwa kutoka kwake, na ndani kuna sanamu za hao wawili wakivuliana kofia. Watu hupiga picha hapo wakaondoka. Naomba usifanye hivyo. Mwombe mwongoza wageni akueleze habari za misafara ya pembe na watumwa iliyoondoka hapa kwa miguu kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,200. Hiyo ndiyo historia ya Ujiji hasa, na ndiyo inayostahili kiingilio chako. Kisha shukeni ziwani muwaone mafundi wakiunda boti za mbao, wengine wakipiga msumari, wengine wakikalafati, yaani wakiziba nyufa za mbao. Ukitaka kupiga picha, salimia kwanza. Shikamoo moja kwa mzee wa pale inafungua mambo mengi.

Mchana rudini mjini, mteremke mpaka Kibirizi. Hapa kuna mwalo, yaani mahali boti za wavuvi zinapotia nanga na kushusha samaki, na soko, na migebuka (samaki wa ziwa hili) ya kukaanga yenye ugali ni chakula cha bei ya kawaida kinachoshinda vya hotelini. Na hapa ndipo utakaponunua dagaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, na wavuvi wengi hupumzika, hivyo siku hizo mwalo unapoa na bei inapanda. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukipanga safari miezi hiyo, ulizia kwanza kama ziwa limefungwa. Ukifika sokoni usiangalie fungu la juu tu. Ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi moja. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ukimpinda anakatika, na harufu yake ni ya samaki mkavu. Akiwa wa njano au akijipinda bila kuvunjika, hajakauka au amekaa sana. Mwisho mtafune mmoja. Waliokaushwa juu ya chanja, yaani kichaga kilichoinuliwa juu ya ardhi, hawana mchanga, waliokaushwa chini utausikia mchanga kwenye meno. Waliokaushwa juu ya chanja huuzwa ghali kidogo, na mimi nasema lipa, kwa sababu mchanga nao unapimwa kwenye kisado na unaulipia.

Ya pili: daladala na miguu yako

Kwa mtu aliye peke yake, hii inaishinda bajaji kwa unafuu wa bei, tena mbali sana. Daladala za mjini, Mwanga na Ujiji zinapita siku nzima. Mwambie kondakta akushushe karibu na makumbusho, utembee. Kurudi, shuka mjini uione stesheni ya reli, jengo la enzi za Wajerumani mwisho wa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ubaya wake ni jua la mchana na mzigo: ukiwa na kisado cha dagaa na dumu la mawese, daladala iliyojaa ni mateso. Basi nunua mwishoni.

Ya tatu: bodaboda au bajaji ya kukupeleka ufukweni na kukufuata

Hii ni ya wenye watoto na waliochoka. Ufukwe wa Jakobsen uko ng'ambo ya kijiji cha Katonga, kiingilio kipo, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba unawaona samaki wadogo wa rangi wakipita kati ya mawe. Bebeni chakula na maji ya kunywa. Usafiri wa kupita hakuna wa kutegemea, kwa hiyo chukua namba ya dereva na mkubaliane saa ya kuwafuata. Tahadhari moja nitaisema bila kupunguza: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi penye kina kirefu zaidi, duniani limezidiwa na Baikal tu, na hata karibu na ufuo sakafu huweza kuporomoka ghafla. Mtoto asipite maji ya magotini bila mtu mzima kumshika.

Ya nne: boti ya kukodi kwenda Gombe

Naipenda Gombe, na naiweka hapa kwa makusudi. Hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, ndiko mtafiti Mwingereza Jane Goodall alikoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, na huko hakuna barabara, unafika kwa maji tu. Watu husikia kuna boti za abiria za bei rahisi Kibirizi wakadhani wamepata. Boti hizo huondoka mchana kuelekea vijiji vya kaskazini, zinachukua saa kadhaa, na za kurudi hupita asubuhi ya siku inayofuata. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hazikufai. Itabidi ukodi boti nzima, na hapo pesa yako ya wastani inakwisha, ukiwa bado hujalipa kiingilio na mwongozaji wa kukupeleka kwa sokwe, ambaye ni lazima. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini hulipwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo malizeni mjini kabla ya kupanda boti. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia sokwe, kwa kuwa magonjwa yetu yanawaua.

Mkiwa kundi la watu sita au zaidi, hesabu inabadilika: boti mnagawana, na Gombe inapanda mpaka nafasi ya pili. Hakikisheni kila mtu ana jaketi la kuokolea maisha kabla injini haijawashwa, na muondoke asubuhi, maana upepo wa mchana hulichafua ziwa. Aliye peke yake asubiri apate siku mbili, apande boti ya abiria, alale huko.

Ya mwisho: teksi ya siku nzima

Ni ghali kwa njia zile zile ambazo bajaji inapita. Ichukueni mkiwa na mzee asiyeweza kupanda na kushuka, au mvua za masika zikiwa zimewakuta.

Kwa anayeondoka na basi jioni: dagaa wafungwe kwenye kiroba kikavu, na dumu la mawese lifungwe kizibo kwa nailoni chini yake, kisha ulipindue mbele ya muuzaji. Likitoa hata tone, akubadilishie hapo hapo, kwa sababu mawese yakimwagika kwenye buti ya basi hayatoki kwenye begi la mtu yeyote.