TAHADHARI: Anayekuuzia safari ya kuvua samaki jioni hana boti

Habari zenu wadau. Naandika hili hasira bado haijaisha, kwa hiyo mnivumilie pale nitakapopandisha sauti. Kuna mtu mtandaoni anauza safari za boti za kukodi za kuvua samaki jioni, na pesa zangu ameshazila. Pesa ningezisamehe. Lakini alitupandisha watu sita, mmoja mtoto wa miaka 9, tukaenda kukaa gizani baharini ndani ya chombo ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukitia machoni. Hilo silisamehe.

Jina lake siliweki hapa, na si kwa woga. Ukurasa wake umeshabadilishwa jina mara mbili tangu tugombane, kwa hiyo jina la leo kesho halitamsaidia mtu. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi yake, na ndiyo ninayotaka muijue.

Tangazo lenyewe lilikuwa tamu. Boti nyeupe ndefu, injini mbili nyuma, kile kiti anachofungwa mtu anapopambana na samaki mkubwa, na jua linazama kwa mbali. Picha ya pili, jamaa mwenye kofia amekumbatia samaki mrefu kama mtoto wa shule. Saa 4 za kuvua, kila kitu ndani: fimbo, mishipi, chambo, barafu, vinywaji, majaketi okozi. Bei ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Si chini ya kukushtua. Chini ya kukufanya ujione mjanja.

Shemeji yangu alikuwa anatimiza miaka 40 na mimi ndiye niliyejitia kimbelembele cha kupanga. Nilituma ujumbe, nikajibiwa hata chai haijapoa. Adabu tele, kila sentensi "kaka". Akasema kuna kundi lingine linaiulizia Jumamosi hiyo hiyo, nitume nusu ya malipo anishikie nafasi. Nikauliza kama naweza kulipa kwa kadi; akasema mashine inasumbua, nitume tu kwenye namba. Nikatuma. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, maana malipo ya kadi unaweza kuyalalamikia benki na wakayafuatilia, lakini ukimtumia mtu moja kwa moja ni kama umempa mkononi na akaenda zake.

Jumamosi saa 11 jioni tuko gatini, tumevaa tumevalika. Boti nyeupe ndefu haipo. Akaja kijana mmoja, akauliza kama sisi ndio wageni wa fulani, akatupeleka kwenye boti ndogo yenye injini moja, rangi imebanduka ubavuni. Ile nyingine? "Iko kwa fundi." Nikampigia muuzaji. Alipokea haraka, akacheka: kaka, hiyo ndiyo nzuri kwa kuvua, ile ya kwenye picha ni ya kupigia picha. Kwa mara ya kwanza alisema ukweli, na mimi nikacheka naye.

Mtaniuliza kwa nini tulipanda. Nami nimejiuliza sana. Mtoto ameshakaa kwenye boti, shemeji ameshafungua soda, kila mtu ananitazama mimi mwenye mpango wangu. Aibu ina nguvu kuliko akili, hasa mbele ya mashemeji.

Chambo hakikuwepo. Kijana akakimbia kununua ngisi waliogandishwa kwa boti ya jirani, kwa pesa yetu. Barafu vivyo hivyo. Zile saa 4 kumbe zilianza kuhesabiwa tulipokanyaga gati, siyo tulipotupa ndoana, na kufika mahali pa kuvulia kulichukua dakika 50. Tulipata samaki wawili wadogo, mmoja tukamrudisha. Hayo ni malalamiko ya kawaida, mtu ungeandika nyota moja ukalala.

Kisha jua likazama.

Sheria ya kimataifa ya kuzuia vyombo kugongana baharini, ya mwaka 1972, inataka taa ziwashwe tangu jua linapozama hadi linapochomoza: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na chombo cha injini kinapokwenda huongeza nyeupe nyingine juu, inayotazama mbele. Ukiwa umetia nanga, unaweka nyeupe moja inayoonekana pande zote. Nahodha akabonyeza swichi. Taa ya nanga iliwaka, ikapepesa, ikazima. Akaigonga kwa kiganja. Ikawaka tena, ikazima moja kwa moja. Kijana akachukua tochi, akaifunga kwenye mlingoti kwa raba ya baiskeli, nayo ikawa inatazama chini, inatumulika sisi nyuso. Kwa hiyo sisi ndani tulikuwa tunaona vizuri sana, na aliye nje alikuwa haoni kitu.

Nusu saa hivi baadaye mtoto akasema, "Mjomba, tazama, taa mbili nzuri." Kijani upande mmoja, nyekundu upande mwingine, na nyeupe juu yake. Mimi nilizitazama kama yeye. Nahodha alipogeuka, akaacha mshipi uende na maji. Ukiziona taa zote mbili za ubavuni kwa pamoja, maana yake chombo kile kimekuelekea wewe. Akairarua tochi kutoka mlingotini, akasimama juu ya sanduku la barafu, akaanza kuizungusha huku anapiga kelele. Kijana akakimbilia simu ya upepo ili aite kwenye chaneli 16, ile ya dharura ambayo vyombo vyote husikiliza. Waya wa antena ulikuwa umekatika, unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba ile ya kijani ilipotea, ikabaki nyekundu peke yake, nahodha akakaa chini bila kusema neno. Wamegeuka kulia kwao. Walipopita, mawimbi yao yalitumwagia ndoo yote ya chambo miguuni.

Hapo ndipo niliposema kila mtu avae jaketi okozi. Yalikuwa manne. Sisi sita, pamoja na wenyewe wawili, jumla wanane. Yote ya watu wazima, yale membamba yanayojaa gesi ukivuta kamba, na kwenye lebo imeandikwa kilo 40 kwenda juu. Mtoto wetu hafiki hata 30. Shemeji ni fundi magari, haachi kitu bila kukifungua. Akalifungua zipu moja, akakizungusha kile kichupa kidogo cha gesi hadi kikatoka, akakileta kwenye mwanga. Shingoni kulikuwa na tundu dogo kama la sindano ya kushonea. Kichupa kizima huwa kimezibwa bati. Kikishatobolewa, gesi imeshatoka, na hakitumiki mara ya pili. Mtu alishalitumia jaketi lile, akalikunja, akalirudisha mahali pake. Akafungua la pili: tundu. Mawili kati ya manne yalikuwa vitambaa tu.

Tukamwambia nahodha arudi. Njiani ndipo yule mzee alipofunguka, na kisa chote kikaeleweka. Muuzaji hamjui, wamewahi kuzungumza kwa simu tu. Alipigiwa asubuhi ile ile, akaambiwa ana watu wanne, wanataka kuzunguka karibu na pwani watazame jua linazama, kisha warudi. Safari ya muda wa saa moja unusu tu. Kuvua usiku hakutajwa, mtoto hakutajwa. Ndiyo maana hakukuwa na chambo, ndiyo maana majaketi manne. Tulipofika gatini na fimbo zetu alidhani sisi ndio tumebadilisha mawazo, nasi tukadhani yeye ndiye wa kwenye tangazo. Simtetei sana, taa mbovu ni zake na vichupa vitupu ni vyake, na angeweza kukataa. Lakini aliyetukutanisha kwa uongo pande zote mbili alikuwa nyumbani kwake, miguu juu ya meza, anahesabu.

Tulipotia mguu nchi kavu tu, ujumbe wake ukaingia: nimalizie nusu iliyobaki, pamoja na nyongeza ya mafuta kwa sababu "mlikwenda mbali". Nilimpigia nikamweleza yote, taa, majaketi, meli. Akaniambia mambo ya bahari ni ya Mungu, na kwamba boti ikishaondoka pesa hairudi. Nilipoandika maoni kwenye ukurasa wake akawa mpole ghafla: niyafute, atanirudishia nusu ya ile nusu. Sikuyafuta. Akayafuta yeye, akanifungia.

Sasa, mimi sisemi kila dalali ni mwizi. Wako madalali wanaoleta wateja kwa manahodha wasiojua mitandao, na kila mtu akala halali yake. Lakini dalali wa kweli haogopi kukupa namba ya nahodha. Huyu nilipomwomba mapema aliniambia nahodha hapendi kusumbuliwa, nami nikaona ni uungwana. Zungumza na nahodha mwenyewe kabla hujatuma hata senti. Umwulize hivi: umeambiwa tuko wangapi, tunakwenda kufanya nini, tunarudi saa ngapi? Maswali hayo matatu yangetuokoa bila kujua lolote kuhusu boti.

Halafu mwambie anayekuuzia akupigie video akiwa ndani ya boti, atembee mpaka tezini, yaani nyuma ya boti, akuonyeshe jina na namba ya usajili, kisha umwombe kibali cha kubeba abiria kinachotaja idadi. Mwenye boti ataona ni usumbufu kidogo. Asiye na boti atakuwa na mtandao mbovu siku hiyo. Uliza pia upepo ukichafuka nani anaamua kutotoka, na pesa inakwenda wapi. Nahodha anayejiheshimu anaahirisha mwenyewe na kukupa siku nyingine.

Gatini, kabla kamba haijafunguliwa, omba taa zote ziwashwe, hata kama jua bado liko juu. Fungua majaketi, zungusha vichupa, tafuta tundu. Na kama una mtoto, liwepo la saizi yake, limkae kweli, siyo kubwa "la kukaza kamba tu". Sikia simu ya upepo ikijibiwa na mtu. Mafuta nayo: mabaharia wana hesabu yao ya theluthi, moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba, kwa hiyo nahodha anayesema "yatatosha" hajakujibu. Na uache ujumbe kwa mtu wa nchi kavu: jina la boti, mko wangapi, mtarudi saa ngapi. Sisi hatukumwachia mtu. Nyumbani walidhani tuko hotelini tunakata keki.

Baadaye nilizitafuta zile picha mtandaoni kwa kutumia picha zenyewe. Boti nyeupe ipo kwenye kurasa chungu nzima, kila ukurasa na jina lake, na jina la tezini limefutwafutwa likawa ukungu. Mpwa wangu, yule yule wa taa mbili nzuri, ndiye aliyenionyesha kitu ambacho sisi watu wazima sote hatukukiona: jamaa aliyekumbatia samaki, maandishi ya kofia yake yanasomeka kinyume. Picha imegeuzwa kama kwenye kioo, ili ukiitafuta asili yake isipatikane kirahisi.

Juzi usiku binamu yangu kanitumia tangazo jipya akiuliza kama ndiyo wenyewe. Ukurasa mwingine, jina lingine, "siku zimebaki mbili tu". Samaki ni yule yule. Safari hii kofia inasomeka sawasawa.