Miwani ya uhalisia pepe au tableti kwa mtoto anayeogopa matibabu?

Wakati wa kusafisha vidonda vya moto, miwani ya uhalisia pepe, inayofunika macho na kuonyesha ulimwengu uliotengenezwa kwa kompyuta, ina nguvu zaidi ya kumsahaulisha mtoto maumivu na hofu, kwa kuwa humzuia asione kidonda na humpa kazi ya kufanya. Katika mchezo wa SnowWorld, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mgonjwa aliyeungua hurusha mipira ya theluji. Tableti humwacha aione sindano, lakini bei yake ni nafuu, husafishwa upesi kati ya wagonjwa, na mtoto huweza kuutazama uso wa mama yake, jambo ambalo kwangu si dogo hata kidogo. Mwenye kichefuchefu, kifafa au jeraha la uso apewe tableti. Wodi yenye mhudumu wa kusimamia vifaa itanufaika na miwani katika matibabu marefu. Kwa kutolewa damu tu, tableti yatosha.