Miaka mitatu ya kupima miti: nilivyoiona kozi ya uhifadhi wa maliasili

Nilijaza kozi hii kwa sababu ya tembo, niseme ukweli. Nilitoka kidato cha sita na CBG yangu (Kemia, Biolojia na Jiografia), kichwani najiona kwenye gari lisilo na paa, darubini shingoni. Chuo ni cha umma, jina naliacha. Miaka mitatu baadaye, tembo nimewaona mara mbili, na zote mbili nilikuwa ndani ya basi. Miti niliyoipima sina idadi yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Mnachora duara porini, mita 15 kutoka katikati, na kila mti uliofikia unene unaotakiwa mnauzungushia tepu kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mimi nilijipima siku ya kwanza: mita 1.3 inaangukia kwenye kifungo cha tatu cha shati langu, basi hicho kifungo kikawa rula yangu. Ukiwa kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti, siyo wa chini. Ukikosea hapo, hesabu yote ya ujazo inaharibika. Shida yetu ilikuwa vifaa. Kipima urefu wa miti kimoja, wanafunzi zaidi ya ishirini. Wanaokishika ni walewale kila siku, wengine mnaandika namba mnazotajiwa.

Kilichonibadilisha ni majani. Kwa macho ya mgeni, msitu wa miombo ni mti mmoja uliorudiwa mara elfu. Halafu mwalimu anakuwekea mezani matawi mawili yanayofanana kama pacha. Ukitazama vijani vyake, yaani vile vipande vidogo vinavyounda jani moja, kwenye mtundu (Brachystegia spiciformis) jozi ya mwisho, kule nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye Julbernardia globiflora, kubwa ni za katikati. Basi! Tangu siku hiyo sijawahi kupita barabara ya Morogoro kwenda Iringa nikalala. Mninga ndio rahisi: tunda lake ni duara lenye miiba katikati na ubawa kuzunguka, na ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu kama damu.

Takwimu itakutesa. Nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, nikasoma likizo nzima, nikapita. Bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, nalo huchelewa, jipange.

Sehemu ambayo sikuitegemea kabisa ni watu. Mwaka wa pili tulipelekwa kijiji kimoja wilayani Kilosa kujifunza usimamizi shirikishi wa misitu. Tulikwenda na Sheria ya Misitu ya 2002 mkononi, tumejiandaa kueleza jinsi kijiji kinavyoweza kutenga msitu wake chenyewe na kunufaika na mapato yake. Mzee mmoja akatusikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tumemwamkia vizuri, akatuita wajukuu. Kisha akauliza, "Wajukuu zangu, huo wali mliokula mchana umepikwa na nini?" Ulipikwa kwa mkaa, na mkaa wenyewe tuliununua kwake yeye. Mhadhiri wetu alicheka, akatuachia tujibu wenyewe. Hatukuwa na jibu. Nadhani saa ile moja ilinifundisha zaidi ya muhula mzima wa sera.

Kwa hiyo, kabla hujaomba udahili, jiulize unataka nini. Ukitaka uaskari wa wanyamapori, nenda chuo cha Pasiansi, Mwanza. Ukitaka usimamizi wa wanyamapori hasa, chuo cha Mweka kule Kilimanjaro wanafundisha hiyo kazi tangu 1963. Kozi ya chuo kikuu ni pana: udongo, maji, sheria, ramani, uchumi, nyuki kidogo. Ajira ni chache na waombaji ni wengi, na ukienda TFS (wakala wa misitu), TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au TANAPA (hifadhi za taifa) ujue kule sasa ni jeshi la uhifadhi, kuna kwata. Darasani kwetu kuna waliopata haraka, kuna wanaofuga nyuki, kuna anayeuza miche ya matunda na hajuti. Mimi bado ninatuma maombi, huku nikifanya vibarua vya kupima misitu.

Naipa nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kile kipima urefu.

Halafu ukienda fildi usivae bluu iliyokoza wala nyeusi. Mbung'o wanaipenda, na wanang'ata mpaka kupenya jinzi.