Kioo ambacho hakikuwepo: hasira zangu na "The Final Problem"

Nyota moja kati ya tano. Naiandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo ukifika chini ukakuta nimeibadilisha usishangae. Kama hujaitazama kabisa, ishia hapa, maana nafichua yote.

Hii ndiyo sehemu iliyofunga msimu wa nne wa Sherlock, tamthilia ya BBC kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes, ikarushwa Uingereza Januari 2017. Kisa chenyewe utakipata popote. Mimi nina ugomvi na kioo.

Sherlock anaingia Sherrinford, gereza la kisiwani, kuonana na Eurus, dada ambaye alikuwa hata hamkumbuki. Kati yao kuna ukuta wa kioo. Wanazungumza, fidla inapigwa, anasogea, ananyoosha mkono aguse kioo, na vidole vyake vinakutana na vidole vya mtu. Kioo hakipo. Hakikuwepo tangu alipoingia. Mtazamaji unaruka kwenye kiti, na mimi niliruka. Baada ya dakika mbili mshtuko unapoa na swali linakuja lenyewe: huyu asiyeona ni nani hasa?

Maana kioo hakifichiki kirahisi hivyo. Kioo safi cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Hesabu uso wa mbele na wa nyuma, ni asilimia 8 hivi, na hapo umekikabili moja kwa moja. Ukikitazama kwa mshazari mkali mng'ao unazidi. Asilimia 8 ni ndogo ukiisikia, lakini ndiyo inayokuonyesha uso wako kwenye dirisha la basi usiku. Na kioo cha gereza si cha dirishani. Ni tabaka kadhaa zilizobandikwa pamoja kwa plastiki katikati, kinene, na unene huo hukipa ukijani fulani kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye mchanga wake. Kitu kinene namna hiyo kikiondolewa, rangi ya chumba cha pili inabadilika. Sauti ya mtu unaweza kuipitisha kwenye spika ukamdanganya msikilizaji. Lakini taa zinazoelea juu ya kioo, na sura yako mwenyewe inayokujia kila unapopiga hatua, hizo spika haiziwezi.

Kuna watakaosema vipo vioo vilivyopakwa dawa ya kuua mng'ao. Vipo kweli. Hata hivyo hubakiza mng'ao hafifu wa zambarau au kijani, na huyu ni mtu ambaye kwenye vitabu anajisifu kwa kutofautisha majivu ya tumbaku aina 140.

Hila hii, ukiichunguza, inategemea macho yetu sisi tuliokaa sebuleni. Kwenye seti kioo ni balaa: kinaonyesha taa, kinaonyesha kamera, kinamwonyesha hata aliyeshika fimbo ya maikrofoni. Mafundi wana njia zao. Wanakiinamisha kidogo ili kinachoakisiwa kiangukie sakafuni. Wananing'iniza kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Wanafunga kichujio cha polaraizi, cha kupunguza mng'ao, kwenye lenzi (kinasaidia kwa mshazari tu, ana kwa ana hakina kazi). Ikishindikana wanakitoa kioo kabisa na mwigizaji anajifanya kipo. Magari mengi unayoyaona kwenye filamu yameondolewa kioo cha mbele. Kwa hiyo sisi tumeshazoea vioo visivyorudisha chochote, na tunasamehe bila kujua kwamba tumesamehe. Waandishi wameuchukua msamaha huo wetu wakamvisha Sherlock. Lakini Sherlock hatazami televisheni. Yeye yumo chumbani!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mhusika huyu ndiye aliyetufundisha kutazama kisichokuwepo. Kwenye hadithi ya "Silver Blaze" ya 1892, Conan Doyle, mwandishi aliyemtunga, anamfanya Holmes afumbue kesi kwa kitu ambacho hakikutokea: mbwa hakubweka usiku, basi aliyeingia bandani ni mtu ambaye mbwa anamfahamu. Zaidi ya karne baadaye unamleta mtu huyohuyo mbele ya ukuta mzima ambao haupo, na haoni.

Kuiokoa kulikuwa rahisi, ndiyo maana hasira haishi. Upande wa mgeni ukiwa giza na upande wa mfungwa ukiwa na mwanga mkali, hata kioo halisi kinapoteza karibu mng'ao wote kwa aliye gizani. Vyumba vya polisi vya kumtazama mshukiwa bila yeye kukuona hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Wangemfanya Eurus aamuru taa zipunguzwe, na baadaye ajisifu kwamba swichi moja ilitosha. Tungerudi nyuma tukaitafuta ile swichi, tukaikuta, tukapiga makofi. Au wangemwacha Sherlock aone mapema na aendelee kusogea kwa sababu anataka kuushika mkono wa dada yake. Hiyo ingekuwa tamthilia nyingine kabisa.

Mengine nayapita haraka. Droni inaingia Baker Street, nyumbani kwa Sherlock, na bomu linalolipuka ukitikisika, watu watatu (Sherlock, rafiki yake John na kaka yake Mycroft) wanalipukiwa, wawili tunawaona wakiruka dirishani, na mara tuko baharini, hakuna hata anayechechemea. Sehemu iliyotangulia ilituacha na John akipigwa risasi. Hapa tunaambiwa ilikuwa dawa ya usingizi, basi, twende.

Lakini nisiwe mkorofi tu. Simu ya Sherlock kwa Molly, rafiki yake ambaye lazima atamke "nakupenda" la sivyo Sherlock ameambiwa atauawa, mbele ya jeneza, ni dakika chache ambazo hazina hila yoyote ya kumficha mtazamaji. Unajua kila anachokijua Sherlock, unajua Molly hajui, na hofu inatoka hapohapo. Louise Brealey, anayemwigiza Molly, anaibeba kwa sauti na mgongo, huku anatengeneza chai. Sian Brooke naye, ndiye Eurus, anatisha bila kupandisha sauti. Kwa hao wawili napandisha: nyota mbili. Pengine hata tatu, kwa sababu yule msichana anayezungumza na Sherlock kwa simu akiwa kwenye ndege aligeuka kuwa kitu nilichokikubali, na sikutegemea kukikubali.

Halafu namkumbuka John kisimani.

Anazinduka ndani ya kisima, miguu imefungwa mnyororo, maji yanapanda. Anashika mifupa na kutambua kuwa ni ya binadamu: ni Victor Trevor, rafiki wa utotoni wa Sherlock, aliyepotea wakiwa wanaishi hapohapo. Mtoto akipotea, mahali pa kwanza kutazamwa ni kwenye maji: kisima, bwawa, tangi. Familia yenye akili zote zile, na kaka mkubwa Mycroft, miaka yote hakuna aliyeteremsha taa kwenye kisima? Nikubali, labda kilifunikwa na kusahaulika. Sawa. Lakini maji yanafika kidevuni, Sherlock anambembeleza Eurus, na kamba inashushwa. Tunaiona kamba. Kinachofuata, John yuko juu, amejifunika blanketi.

Kamba inainua mtu, haifungui mnyororo. Ili mtu atoke pale lazima mmoja ashuke na ufunguo au mkasi wa kukatia vyuma, apige mbizi, akate kwa kupapasa kwenye maji meusi huku mwingine amemshikilia John kichwa kisizame. Hiyo peke yake ilikuwa dakika tano za kusimamisha roho, na wameziruka.

Nyota moja na nusu. Nusu ni ya Molly.