Siku Mama Zetu wa Kanisa Walipokaa Kitako: Maoni Kuhusu Huduma ya Wapishi wa Shughuli, Unguja

Ninaandika maoni haya nikiwa mchungaji wa usharika mdogo ulioko Ng'ambo, mjini Unguja. Huduma ninayoieleza ni ya kundi la wanawake sita wapishi wa shughuli, ambao Jumapili moja ya mwezi uliopita walitupikia chakula cha mchana cha watu wapatao 140, wakubwa kwa watoto. Kundi hilo halina kibao barabarani wala jina la biashara. Mtu huelekezwa kwao na mwenziwe aliyewahi kupikiwa harusi, maulidi au hitima, nami nilielekezwa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee Mwislamu ambaye binti yake aliolewa mwaka jana. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu kabla ya siku hiyo usharika wetu haukuwa umepata kuajiri wapishi tangu nifike, na huenda mchungaji mwingine au wazee wa kanisa wengine wakawa na haja kama niliyokuwa nayo.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Katika miaka saba niliyotumika hapa, sikuwa nimehudhuria shughuli hata moja ya usharika ambayo haikupikwa na akina mama wetu. Iwe ni kipaimara, ubatizo, sikukuu ya mavuno, semina ya vijana, ugeni wa askofu au msiba, ni wao wanaoamka saa kumi alfajiri, ni wao wanaoingia ibadani khanga zao zikinuka moshi, na ni wao wanaokula mwisho, tena wima, kile kilichobaki katika sufuria. Mara nyingi, kwa kuwa moto hauachwi bila mtu, huikosa hata ibada yenyewe waliyoipikia. Nilipotaka kuushukuru usharika kwa kuuandalia chakula, mzee mmoja wa kanisa alinishauri kwa nia njema kwamba tuokoe fedha kwa kununua vitu tu, na mapishi waachiwe akina mama kama kawaida. Nilikataa, kwa sababu sikuona namna ya kumshukuru mtu kwa kumkabidhi mwiko. Kwa hiyo kabla ya ladha ya pilau nilikuwa na kipimo kingine cha kuipimia huduma hii, nacho ni kama mama zetu wangepata kukaa kitako, kulisikiliza neno hadi mwisho, kunawishwa mikono na kupakuliwa kama wageni.

Anayesoma maoni haya kwa ajili ya chakula peke yake aniwie radhi, maana siwezi kuieleza huduma bila kueleza ni watu gani waliohudumiwa. Nilifika Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam nikiwa na mke wangu, watoto wawili na mabegi matano, nikashuka bandarini Malindi bila kumjua mtu. Watu tisa walikuwa wakitusubiri juani. Nyumba ya mchungaji tuliikuta imepakwa chokaa upya, jikoni pana gunia la mkaa, pipa limejaa maji, nazi zimepangwa ukutani, na mezani pana wali wa nazi uliofunikwa kwa kawa, ungali na moto. Katika mwaka wetu wa tatu mke wangu alilazwa hospitali kwa majuma matatu, na akina mama wakapangiana zamu za kulala naye wodini; orodha ile ya zamu, iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada, ningali nayo ndani ya Biblia yangu. Yupo mzee mmoja, mkwezi wa minazi tangu ujana wake, ambaye kila Jumamosi huacha madafu mawili mlangoni petu na kuondoka kabla hatujafungua. Wapo vijana wanaofanya kazi katika mahoteli ya Nungwi na Paje, ambao hutoka zamu ya usiku na kupanda gari moja kwa moja hadi kanisani. Baadhi yao husinzia wakati wa mahubiri, nami sijamruhusu mtu awaamshe, kwa sababu najua wametoka mbali kiasi gani ili waje wasinzie miongoni mwetu. Inapofika Aprili na Mei, masika yanapokolea na watalii kupungua, wengine husimamishwa kazi bila mshahara, lakini bahasha zao za ahadi huendelea kuletwa, zikiwa na sarafu ndani badala ya noti.

Washarika wetu walio wengi wametoka Bara kwa ajili ya kazi, na ukoo wao uko upande wa pili wa bahari. Mtu akiugua usiku wa manane, anayegonga mlango wake ni ndugu wa kanisani. Jambo hili lina mizizi mirefu katika Ukristo wa kisiwa hiki. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka uleule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwapo mahali hapo, na miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Unguja walikuwamo watu walioachwa huru kutoka utumwani, wengine wakiwa walichukuliwa wadogo mno kukumbuka njia ya kwao. Mbweni walipatiwa makazi, wakajenga na kuoana, na wenzao wa kanisani wakawa ndio shangazi na wajomba wa watoto wao. Mimi si wa dhehebu lile, lakini kila nipitapo Mkunazini huwaza uzito wa neno ndugu katika kinywa cha mtu aliyeuzwa mbali na nduguze. Watu wa usharika wangu hulitamka neno hilo kwa uzito uleule, nami nimeishi ndani yake miaka saba.

Basi nilikwenda kwa wapishi. Mapatano yalifanyika nyumbani kwa kiongozi wao, mama wa makamo anayezungumza kwa upole na kuhesabu kwa haraka. Aliniuliza mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria: watoto ni wangapi, wazee wasio na meno ni wangapi, kama wapo wasiokula nyama, maji yako umbali gani na mahali pa moto, na kama pana kivuli. Ujira wao huhesabiwa kwa kilo za mchele utakaopikwa, na nusu hulipwa mbele. Sisi tulinunua mchele, nyama, samaki na nazi. Wao walileta masufuria makubwa, kuni, viungo, masinia, makawa na mabirika ya kunawia. Alisisitiza kwamba mchele usiwe wa mavuno ya karibuni, kwa kuwa mchele mpya hushikana katika pilau, na alikwenda mwenyewe Darajani kuuchagua, akitafuna punje mbili tatu mbichi kwa kila gunia. Kuhusu nyama nilimhakikishia kwamba tungeinunua bucha ya Mwanakwerekwe na kwamba imechinjwa na Mwislamu, kama tunavyofanya katika shughuli zote, maana majirani hualikwa na sote hula sinia moja. Fedha zilikuwa zangu na mke wangu, tuliziweka akiba kwa mwaka mzima, na ninalisema hili ili mchungaji mwenzangu ajue kwamba inawezekana ikiwa ataanza mapema.

Siku yenyewe walifika baada ya swala ya alfajiri, kungali giza. Niliwatazama kwa muda kabla ya kwenda kujiandaa kwa ibada, na utaratibu wao ulinivutia sana. Nyama ilichemshwa kwanza na tangawizi, thomu na chumvi hadi ikalainika, supu yake ikawekwa kando. Vitunguu vikakaangwa bila haraka mpaka vikawa na rangi ya kahawia iliyoiva, nayo ndiyo inayoipa pilau yetu sura yake, kisha zikafuata bizari nzima, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, halafu mbatata, nyama na supu. Mchele ulipokaribia kukauka walipunguza moto wa chini, wakapalia makaa juu ya mifuniko, wakakaa chini bila kufunua tena. Mmoja wao aliniambia kwamba pilau huharibiwa na mtu asiyeweza kustahimili kutofunua.

Harufu iliingia kanisani wakati wa sadaka. Nikiwa madhabahuni nilimwona mama mmoja wa safu ya tatu akijiinua kwa mazoea ili atoke nje kuangalia moto, na jirani yake akamshika khanga na kumrudisha chini. Akakaa. Alikaa hadi baraka ya mwisho, na katika miaka yangu yote hapa ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiimba wimbo wa kufungia ibada katika siku ya shughuli.

Ilipoadhiniwa adhuhuri tuliwafungulia wapishi chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, tukawatandikia mikeka safi na kuwawekea maji, wakasali wawili wawili ili moto usibaki peke yake. Mwenye kuwaajiri atenge nafasi ya namna hii mapema. Hawatadai, lakini ni haki yao, na sisi tumeishi kwa heshima ya majirani Waislamu muda mrefu kiasi kwamba ingekuwa aibu kusubiri waombe.

Chakula kilipoiva, mikeka ilitandikwa chini ya mwembe na watu wakakaa watano watano. Akina mama wetu, bila kuambizana, walianza kusimama na kuyaendea masinia. Hapo kiongozi wa wapishi akawazuia kwa mikono miwili akisema, "Kaeni kitako mama zangu, leo nyinyi ndio wageni, wenye kazi ni sie." Kisha akaanza yeye mwenyewe kuwanawisha. Alipofika kwa bibi yetu mkubwa kuliko wote, mjane aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye ndiye aliyetupikia wali ule wa nazi siku ya kwanza, yule bibi alinyoosha mkono kulipokea birika ili amnawishe mpishi. Mpishi hakulitoa. Walitazamana kidogo, halafu bibi akakinga viganja vyake na maji yakamiminwa. Nilikuwa nimesimama karibu yao na sahani mkononi, na machozi yalinitoka mbele ya watu wote.

Pilau ilikuwa nzuri, punje moja moja, nyama ikiachana na mfupa bila kuvutwa, na ukoko waliukwangua kwa uangalifu na kuwapelekea wazee wanaoupenda. Hata hivyo, kwa maoni yangu mchuzi wa changu uliizidi. Uliandaliwa kwa ajili ya wachache wasiokula nyama, kwa tui zito lililokatwa kwa ukwaju, lakini watu walikuwa wakiufuata na vibakuli kutoka kila mkeka, na mke wangu, ambaye si mwepesi wa kusifu mapishi, aliomba aelezwe ukwaju hutiwa wakati gani. Halua na kahawa vilifuata, navyo sina la kuongeza.

Kasoro zilikuwapo, na haki inanitaka nizitaje. Chakula kilichelewa kwa dakika arubaini hivi, kwa sababu mvua ya Jumamosi usiku iliziloanisha kuni zilizokuwa hazikufunikwa, na kwa watoto wadogo waliotoka nyumbani bila staftahi muda huo ulikuwa mrefu. Kachumbari yote ilitiwa pilipili, kwa hiyo watoto hao hawakuweza kuila, ingawa idadi yao nilikuwa nimeitaja katika mapatano. Sharubati ya ukwaju ilikuwa tamu kupita kiasi na ilikwisha kabla ya vijana wa kwaya kufikiwa. Pia baadhi ya washarika wetu waliotoka Bara hivi karibuni hawajazoea kula sinia moja, na sahani za pembeni zilikuwa chache. Nilimweleza kiongozi haya yote siku ya pili nilipompelekea nusu ya pili ya ujira wake. Alinisikiliza bila ubishi, akasema turubai la kufunikia kuni atalinunua kutokana na fedha zilezile, na kwamba kosa la kachumbari lilikuwa lake mwenyewe. Kwa mambo haya ninawapa nyota nne kati ya tano, na kwa namna walivyowahudumia mama zetu ningewapa zaidi ya hizo kama zingekuwapo. Mwenye kuwahitaji awaendee majuma matatu kabla, kwa kuwa baada ya Ramadhani na katika miezi ya harusi huwa hawapatikani kabisa.

Alasiri ile niliwasindikiza wageni wa mbali hadi kituo cha daladala. Niliporudi uani niliwakuta akina mama wetu wamechuchumaa na wapishi kuyazunguka yale masufuria makubwa, wakiyasugua kwa makumbi na majivu, mikono imejaa masizi hadi kwenye viwiko, wakielezana mambo ya wajukuu. Bibi yetu mkubwa aliniona nimesimama, akaniambia, "Baba Mchungaji, tumekaa vya kutosha." Nilihesabu baadaye nikaona walikuwa wamekaa saa tatu na nusu, tangu kengele ya ibada hadi kahawa. Kwa sikukuu ya mavuno nimekwisha kulipa nusu ya ujira, na safari hii nimeagiza na watu wawili wa kuosha vyombo.