Makumbusho ya waandishi Kampala: nilivyoyaona siku ya ufunguzi

Nilipofika, bango lilikuwa bado chini, limeegemezwa ukutani na kugeuzwa uso ili wageni wasilione. Nikaligeuza. Mwalimu wa lugha ana maradhi yake. Kiingereza kilikuwa sawa, Kiluganda sawa, halafu Kiswahili: "Makubusho ya Waandishi". Herufi m ilikuwa imetoroka.

Mzee mwenye makumbusho akanikuta nimeinama palepale. "Shikamoo, mzee," nikamwambia, maana sikuwa na la kujitetea. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Hiyo salamu mara ya mwisho niliiitikia Dar es Salaam." Kumbe alisoma huko ujanani. Akanieleza kwamba fundi wa bango angerudi siku chache baadaye, akaniomba nisiandike popote jina la mahali hapo mpaka bango litundikwe. Basi silitaji. Niseme tu kwamba ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na baraza, upande wa kaskazini wa jiji ukishika barabara ya Bombo, na bodaboda wangu alipotea mara mbili kabla ya kuiona.

Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 3,000 kwa mwanafunzi aliyevaa sare. Mpwa wangu wa miaka 11, niliyemleta, hakuvaa sare kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Tukavutana kidogo mlangoni na binti wa tiketi, mpaka akaridhika na kitambulisho cha shule. Hilo la sare walifikirie upya. Mtoto gani anavaa sare Jumamosi?

Nilikwenda na swali langu. Nafundisha Kiswahili sekondari huko Bombo, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hakuna mtu wa Uganda aliyeandika kwa Kiswahili?" Nami humtajia Watanzania na Wakenya, darasa linacheka, tunaendelea na ngeli.

Kabla ya kukata utepe mzee alitoa hotuba, fupi kuliko nilivyoogopa. Alisema wazo alilipata aliposoma habari za makumbusho ya waandishi wa Marekani yaliyofunguliwa Chicago Mei 2017. Kilichomgusa ni kwamba yale yalianza na mtu mmoja, Malcolm O'Hagan, mhandisi mstaafu mzaliwa wa Ireland, aliyeshangaa kuona nchi aliyohamia haina kitu kama makumbusho ya waandishi aliyoyajua Dublin. O'Hagan alizunguka miaka kadhaa akichangisha mamilioni ya dola, na kwa fedha zote hizo wakapata ghorofa moja kwenye jengo la Michigan Avenue. "Mimi sina dola," mzee akasema, "nina pensheni na ukaidi." Tukapiga makofi. Ya Dublin yenyewe yameshafungwa, lakini sikuona sababu ya kumwambia hilo siku ya sherehe yake.

Chumba cha kwanza ni cha wakongwe, na nilikipita haraka. Yupo Apolo Kagwa na historia yake ya wafalme wa Buganda, yupo Ham Mukasa aliyefuatana naye London mwaka 1902 akarudi na kuandika safari nzima. Watu wa maana sana, ila maelezo yamechapwa kwa herufi ndogo kama za karatasi ya ndani ya boksi la dawa, na yamebandikwa chini ya kiuno. Wazee wawili mbele yangu walikata tamaa wakaenda kutafuta viti.

Chumba cha pili ndicho kilichonishika. Ukuta mmoja wote umepakwa rangi nyeusi kama ubao wa darasani, na juu yake wameandika kwa chaki: Makerere, Juni 1962. Huo ni mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na jina lake lilisema hivyo bila haya. Chini yake majina: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes mgeni kutoka Marekani. Chini kabisa, kwa mwandiko mwembamba, "James Ngugi, mwanafunzi". Ndiye huyo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo kijana wa Makerere, aliyempelekea Achebe muswada wake ausome. Nimeishi nchi hii miaka yangu yote na nimepita lango la Makerere mara zisizo na hesabu. Kuyaona majina hayo pamoja kwenye ukuta mmoja, umbali mfupi kutoka kilima chenyewe, kulinifanya nisimame.

Nikasimama mpaka kitu kikaanza kunikereketa. Juni 1962 ni mwezi uleule aliofariki Shaaban Robert. Mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wakati ule alikuwa anamaliza maisha yake upande wa pili wa ziwa, huku hapa ukumbini wakijadili fasihi ya Afrika ni nini, na mtu kama yeye hakuwa na sifa ya kualikwa kwa sababu hakuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alilisema hilo baadaye, tena kwa kumtaja Shaaban kwa jina. Nikamwambia kijana anayetembeza wageni. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiluganda, "hiyo haimo kwenye karatasi niliyopewa." Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye makumbusho yoyote: akatoa kipande cha chaki mfukoni akanipa.

Nikaandika jina chini ya la James Ngugi, nikaongeza "hakualikwa". Nilipogeuka, mzee alikuwa nyuma yangu. Nikajua leo nafukuzwa. Akaukodolea ukuta, akauliza, "Shaaban ni a mbili?" Nikamwambia mbili, mzee. Akaitikia kwa kichwa akaenda kuwasalimu watu wa redio.

Mlango wa chumba cha tatu umeoteshwa maboga kwenye makopo pande zote mbili. Aliyesoma ameshajua ni chumba cha nani, na asiyesoma ataruka majani tu aingie. Hiki cha Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyemtunga Lawino, mke anayeimba kwamba boga la boma la zamani lising'olewe, ndicho kilichopangwa vizuri kuliko vyote. Mpwa wangu, aliyekuwa ameanza kuburuta miguu, aliamka hapo aliposikia kwamba mwandishi huyu alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, akaenda nayo Uingereza mwaka 1956, timu ikarudi yeye akabaki kusoma. "Alicheza namba ngapi?" akauliza. Kijana wa watu akababaika, akarudi kwenye karatasi yake, haimo.

Kuna meza yenye matoleo matatu yamewekwa sambamba, na mpangilio huo pekee ungetosha somo zima. Lawino aliimba kwanza kwa Kiacholi, kwa maana ndivyo Okot alivyomwandika. Lakini kitabu kilichotangulia kutoka ni cha Kiingereza, Nairobi, 1966. Kiacholi kikangoja mpaka 1969. Cha tatu ni Wimbo wa Lawino cha mwaka 1975, tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa. Hicho cha Kiswahili kina jalada lililochanika na kubandikwa gundi ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Kimewekwa nje ya kioo na unaruhusiwa kukishika. Nikakifungua, nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa Gulu aliyekuwa pembeni akasogea, akaomba nirudie, kisha akanisomea yeye kwa Kiacholi, kutoka kile kingine. Tulifanya hivyo kurasa tatu nne hivi, tukipokezana, mpaka watu wakatuzunguka wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Upande wa pili wa chumba hicho yupo Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia, aliyechukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 akauawa. Wimbo wa tamthilia yake umerekodiwa upya na vijana, unausikiliza kwa hedifoni. Hedifoni inatoa sauti sikio moja tu, na umeme ukakatika katikati ya wimbo. Jenereta lipo, nililiona, ila aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa ametoka kununua chapati. Karibu nusu saa tulitazama kwa tochi za simu. Kwa mahali panapotoza 10,000, hilo halisameheki kirahisi.

Waandishi wanawake wamepewa chumba cha nne, kilicho nyuma kabisa, ukuta mmoja na choo. Sidhani kama kuna aliyekusudia, lakini hakuna aliyefikiri pia. Hapo ndipo utakuta habari za Femrite, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa miaka ya 1990, na Monica Arac de Nyeko aliyeshinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi mwaka 2007, na Jennifer Nansubuga Makumbi ambaye wanafunzi wangu wakubwa wanamgombania maktaba. Hawa ndio waandishi walio hai ambao msichana wa shule anaweza kutamani kuwa kama wao. Ningekuwa mimi, ningewaweka mlangoni.

Sasa swali langu. Rafu ya Kiswahili ipo, kwenye ujia unaoelekea barazani, ubao mmoja kama wa kuwekea vikombe. Ina kamusi, vitabu vichache vya kiada vilivyochapwa Kenya, na picha ya Mwalimu Austin Bukenya, mwana wa Uganda aliyetunga kwa Kiingereza na kukitumikia Kiswahili kama mtu aliyezaliwa Mvita. Chini ya picha kuna karatasi: "Vingine vinakuja." Nilitaka kununa. Ila ukiwa mkweli, wangeweka nini? Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kifundishwe miaka ya 1920, Buganda ilikataa katakata. Amin alipokifanya lugha ya taifa mwaka 1973, watu walikuwa wamekizoea kwenye midomo ya wenye bunduki. Mama yangu ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili ni cha nyumbani, lakini akipanda teksi ya mjini alikuwa anakimeza ili asidhaniwe mke wa askari. Katiba ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi walimu tunajua uamuzi na vitabu ni vitu viwili tofauti. Mzee angeweza kuijaza rafu ile kwa vitabu vya majirani na hakuna ambaye angeuliza. Hakufanya hivyo, na kwa hilo nampa alama.

Barazani kuna taipureta mbili kuukuu na rundo la karatasi, wazo lililochukuliwa Chicago, ambako nako wageni huketi wakachapa chochote wanachotaka. Moja ilikuwa na foleni ya watu wazima wakipiga picha. Nyingine ilikuwa huru, na mpwa wangu akaikalia. Haikuchukua muda tukajua kwa nini iko huru: herufi a imekwama. Akachapa "Jin lngu" akanitazama. Jaribu mwenyewe kuandika sentensi moja ya Kiswahili bila a. Kiingereza kitachechemea kifike, sisi hatufiki popote. Tulikaa pale dakika ishirini tukitafuta maneno yasiyo na a, tukapata "Mimi ni mtoto" na "Nipo shule", kisha "Tumbo zito", hilo la mwisho baada ya mandazi. Karatasi hiyo wameibandika ukutani na nadhani bado ipo.

Mandazi yenyewe yalikuwa baridi na chai imezidi sukari. Nje ya geti kuna kijana anauza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ya mayai mawili, mwende kwake. Choo ni kisafi. Magari hayana pa kuegeshwa. Wanafungua Jumatano hadi Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na ukija na darasa piga simu kwanza, maana watu thelathini hawaingii chumba cha tatu hata wakishusha pumzi.

Nitarudi na kidato cha tatu muhula ujao. Mzee ameniomba nimletee insha za wanafunzi, azitoboe na kuzifunga kwa uzi aziweke kwenye ule ubao wa vikombe. Nilimwambia ni za watoto, zina makosa. Akaniuliza kama bango lake nililiona.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alipita njia hiyo akanitumia picha. Bango limetundikwa, juu ya mlango, limenyooka vizuri, rangi inang'aa. Neno "Makumbusho" limekaa sawasawa, m zote mbili. Baada yake fundi ameandika "ya Wandishi".