Vifaa vya roboti kwa Gredi 7 hadi 9: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kingoje

Pesa za vifaa vya teknolojia zikifika shuleni, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, swali huwa ni roboti gani iliyo bora. Tungeomba walimu waanze na swali jingine: ni wanafunzi wangapi watakaokigusa kifaa hicho ndani ya dakika 40 za kipindi? Darasa la watoto 48 lenye roboti mbili lina wanane wanaofanya kazi na arobaini wanaotazama mabega ya wenzao. Darasa hilohilo likigawanywa makundi 12 ya watu wanne, kila kundi na ubao wake mdogo wa kielektroniki, kila mtoto atachomeka waya, ataandika msimbo, atakosea na kurudia. Ndiyo maana mpangilio wetu unafuata mambo mawili: mikono mingapi inafikiwa, na kama kilichoharibika kinaweza kubadilishwa bila kuagiza sanduku zima upya.

Kabla ya kuagiza chochote, hesabu tarakilishi zinazowaka. Vipakatalishi sita vinavyoshika chaji vinatosha makundi 12, mawili yakipokezana kimoja. Vishikwambi vinaweza kutuma programu kwa Bluetooth, lakini kuviunganisha kumi kwa pamoja katika chumba kimoja hula nusu ya kipindi. Visiwe tegemeo lako.

Nafasi ya kwanza: micro:bit V2

Kwa Gredi 7 na 8 hatuoni kinachoishinda. Ni ubao mdogo unaoenea kiganjani, wenye taa 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo, dira, kipimajoto, maikrofoni, spika na redio ya kuwasiliana na bao nyingine. Mtoto anaanza kazi siku ya kwanza bila kuunganisha waya wowote. Toleo la V2 lilitoka mwaka 2020, na bado kuna wauzaji wenye mabaki ya V1. Usiichukue V1 kwa bei ya V2, maana haina spika wala maikrofoni. Zitofautishe kwa kugeuza ubao: V2 ina spika nyuma, na ukingo wake wa dhahabu una vipengo vidogo karibu na matundu makubwa.

Kwa makundi 12 nunua bao 14, kebo za USB 20, vibebea betri 14 vya AAA mbili, na betri za kuchajiwa zisizopungua 40 pamoja na chaja yake. Kebo ndizo zinazokufa kwanza, na nyingi za madukani ni za kuchaji simu tu, hazipitishi data. Ukichomeka ubao, taa ikawaka lakini diski yenye jina MICROBIT isionekane kwenye kipakatalishi, badilisha kebo kabla ya kuulaumu ubao. Ikionekana diski yenye jina MAINTENANCE, mtu alibonyeza kitufe cha nyuma wakati wa kuchomeka. Chomoa, uchomeke tena bila kukigusa.

Stima ikipotea au bando ikiisha, somo halisimami. Programu ya MakeCode, ya kuandikia msimbo wa micro:bit kwa kupanga bloku, ina toleo la Windows lisilohitaji intaneti. Lipakue nyumbani, ulisambaze kwa flashi.

Tuonyeshe kazi moja inayowahusu watoto wa Nyando na Budalangi moja kwa moja: kengele ya mafuriko. Funga misumari miwili kwenye rula ya mbao, sentimita mbili kati yake, ncha zikitazama chini ndani ya ndoo. Msumari mmoja unganisha na tundu la 0 (pini 0), mwingine na GND (upande hasi wa saketi), kwa waya zenye vibanio vya mamba. Mimina maji polepole. Yakigusa misumari yote miwili, saketi inafungika na spika inalia. Makundi mengi hukwama hapa: hutumia bloku ya tukio la kubonyezwa kwa pini, ambayo hufanya kazi pale mguso unapoachiliwa, kwa hivyo kengele hailii maji yanapopanda. Tumia bloku ya sharti ndani ya kitanzi kisichokoma, ikiuliza kila mara kama pini 0 imebonyezwa. Kosa hilo lenyewe ni somo zuri, tusiwanyime. Ukiongeza ubao wa pili, wa kwanza utatuma onyo kwa redio hadi upande wa pili wa darasa, mradi kila kundi lijipe namba yake ya redio kati ya 0 na 255. Lisipofanya hivyo, ndoo moja italiza bao zote. Misumari ikaushwe baada ya kazi, kwa sababu hushika kutu upesi.

Udhaifu wa micro:bit ni huu: hutumia volti 3, na pini zake haziwezi kuendesha mota. Vihisi vingi vya bei nafuu hurudisha volti 5 na vinaweza kuiua pini. Ukitaka kupima umbali, tafuta kihisi kilichoandikwa kwamba kinakubali volti 3.

Nafasi ya pili: Arduino Uno na vipuri vya rejareja

Ubao huu, unaounganishwa na vipuri kwa waya, ni wa Gredi 9, au wa klabu iliyokwisha kuizoea micro:bit. Michoro ya Arduino iko wazi kwa umma, kwa hivyo nakala zake ni halali na bei yake ni ndogo kuliko ya asilia. Kwa darasa, nakala inatosha. Nyingi hutumia chipu ya CH340 na huenda zisitambuliwe na Windows mpaka usakinishe draiva yake. Iwe kwenye flashi kabla ya siku ya somo.

Kila kundi lipate Uno moja, kebo yake, ubao wa matundu usiohitaji kulehemu, taa za LED 10, resista 20 za omu 220, resista 10 za kilo-omu 10, vitufe vinne, vihisi viwili vya mwanga, kipima umbali HC-SR04 kimoja na servo ndogo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza) aina ya SG90. Resista ya omu 220 ina sababu yake: ubao hutoa volti 5, LED nyekundu huchukua takribani 2, zinabaki 3, na 3 ukigawa kwa 220 unapata kama miliampia 14. Pini ya Uno inashauriwa isizidi 20. Waambie watoto wakokotoe kabla ya kuchomeka.

Programu ikikataa kuingia, angalia kwanza kama kuna waya kwenye pini 0 na 1, kisha kama umechagua mlango (port) sahihi wa USB ndani ya programu. Servo ikiufanya ubao ujizime na kujiwasha, USB imezidiwa: ipe servo betri nne za AA peke yake, na uunganishe GND ya betri na GND ya ubao. Bila waya huo wa pamoja servo itatetemeka ovyo.

Kwa gari, nunua mota mbili za manjano zenye gia na ubao wa kuendeshea wenye chipu ya DRV8833 au TB6612. Wauzaji watakusukumia L298N kwa kuwa imejaa madukani. Hiyo humeza kama volti 2 njiani, na gari lenye betri nne za AA linabaki na volti 4 hivi, likifika mlimani linasimama. Betri ya boksi ya volti 9 nayo tunaikataa kabisa kwa mota, haihimili mkondo huo. Bodi la gari usilinunue: plaiwudi ya milimita 3, sentimita 15 kwa 20, fundi yeyote wa jua kali, kama wale wa Kibuye mjini Kisumu, atakukatia, na kichwa chenye kigololi cha chupa ya manukato ya kupaka kwapani kitakuwa gurudumu la mbele.

Nafasi ya tatu: gari lililo tayari

mBot ina ubongo wa aina ya Arduino, ila soketi zake ni za kuchomeka bila kukosea. Ni nzuri kwa klabu ya watoto 10 au kwa siku ya wageni. Kwa darasa zima tungenunua mbili tu, na hapo tayari kila kundi liwe na micro:bit.

Nafasi ya nne: LEGO

Ubora wake hatubishani nao. SPIKE Prime ina vipande 528, mota zake ni sahihi na watoto huipenda. Lakini imeuzwa Marekani kwa karibu dola 400 kwa seti moja, kabla ya usafiri na ushuru, ilhali micro:bit V2 huko haifiki dola 25. Kampuni pia huacha kuuza familia nzima ya seti: Mindstorms ilikomeshwa mwishoni mwa 2022. Shule inayojiandaa kwa FIRST LEGO League, mashindano ya roboti za LEGO, inahitaji seti ya LEGO, na nyingine isubiri.

Raspberry Pi, tarakilishi ndogo ya ubao mmoja, iache kwanza, maana inataka skrini, kibodi na kadi yake ya kumbukumbu kwa kila kundi.

Siku ya kununua, usisahau multimita mbili za kupimia volti. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16 na kama muuzaji hubadilisha kilichofika kikiwa kibovu. Mzigo ukija na basi la usiku kutoka Nairobi, jaribu kila ubao siku hiyohiyo, uandike namba kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kila mmoja, na namba hiyohiyo kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Kundi la 7 linachukua kopo la 7, linarudisha kopo la 7, na anayelipokea anahesabu vipande kabla kengele haijalia.